Ardabu za Karanis

Nilipanda basi dogo Giza saa moja asubuhi, mwishoni mwa Aprili, wakati Misri inavuna ngano. Nilikuwa naenda Karanis, magofu ya kijiji cha kale ambayo leo yanaitwa Kom Ushim, kilomita 80 hivi kusini-magharibi mwa Kairo, ukingoni mwa bonde la Fayum. Njia nzima ni jangwa. Mzee aliyekaa ubavuni mwangu alikuwa akizungumza na dereva kuhusu bei ya ngano, na kila mara nikasikia neno moja: ardabu.

Nililifahamu neno hilo kutoka kwenye mafunjo, yaani karatasi za kale za Misri zilizotengenezwa kwa matete. Wagiriki waliotawala Misri waliandika *artaba*, kipimo cha lita 40 hivi, yaani madebe mawili. Ardabu ya ngano siku hizi ni kilo 150, lakini neno ni lilelile, na bado linatajwa na wakulima wa mahali palepale.

Kijiji kilianzishwa karne ya 3 KK, enzi za Ptolemaio wa Pili, mmoja wa wafalme hao wa Kigiriki. Nilikuta kuta za matofali ya udongo, hekalu la mawe la miungu wa mamba, na katikati shimo kubwa la kusikitisha. Wanakijiji wa jirani walichimba humo sebakh, udongo wa magofu unaorutubisha mashamba, na nyumba nyingi zikaondoka nao. Chuo Kikuu cha Michigan kilichimba sehemu zilizosalia kuanzia 1924 hadi 1935. Mchanga huu mkavu, usiofikiwa na maji ya mifereji, ndio uliohifadhi karatasi za mafunjo.

Mlinzi alinipeleka kwenye ghala lenye vyumba vidogo vya kuwekea nafaka. Nilisimama pale muda mrefu. Mkulima wa ardhi ya serikali alileta ngano yake ya kodi ya shamba, ikapimwa, akapewa stakabadhi yenye mwaka wa mfalme au kaisari, jina lake na idadi ya artaba. Kisha punda waliibeba hadi bandarini, ikashuka na Nile hadi Aleksandria, na enzi za Warumi nyingine ilivuka bahari kuilisha Roma. Wanaume walilipa pia kodi ya kichwa tangu umri wa miaka 14. Mtu aliyeshindwa alikimbia kijiji, na waliobaki walielemewa na deni lake.

Marehemu babu yangu alitunza stakabadhi zake za kodi ya kichwa ndani ya kopo la majani ya chai, kwa sababu bila karatasi hiyo angeweza kukamatwa njiani. Pale ghalani nilielewa kwa nini watu wa Karanis nao waliziweka zao majumbani.

Mtoza kodi wao mmoja wa karne ya 2 BK aliitwa Sokrates. Katika madaftari ya kodi ya wakati wake, jina la Kimisri la mlipa kodi mmoja, lenye panya ndani yake, limegeuzwa kuwa neno adimu la Kigiriki la mtego wa panya, neno la mshairi Callimachus. Katikati ya maelfu ya majina na hesabu, mwandishi wa daftari alikumbuka shairi. Nampenda mtu huyo, ingawa kalamu yake ilihesabu jasho la wengine.

Jioni, nikisubiri basi barabarani, trekta lilipita limejaa magunia ya ngano, na vijana wawili wamekaa juu yake.