Kopo la kunasa oili limefungwa, na linafanya kazi kweli

Jamani hatimaye nimefunga kopo la kunasa oili, nimelitengeneza mwenyewe kwa chupa ya chuma yenye mfuniko wa kukaza, leo nimelifungua aisee, ndani kuna uji wa kahawia umechanganyika na maji, unanuka petroli kabisa. Wote huo ungeingia kwenye menifoldi, yaani mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda!

Iko hivi, gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni inashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) inabeba mvuke wa oili, halafu valvu ya PCV, ile inayotoa gesi hiyo chini, inairudisha menifoldi ikaungue, sasa kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda hakuna petroli ya kuosha vali za kuingiza hewa, kaboni ya oili hiyo inagandia tu. Kopo linakaa njiani kabla ya menifoldi, linanasa oili hiyo.

Ndani nimeweka wavu wa chuma kisichoshika kutu, bila huo mvuke unapita hivihivi. Mipira tumieni inayostahimili oili, ile ya maji inavimba na kulainika. Na mpira wa kutokea kwenye kopo msiuache unapumulia nje, urudishwe menifoldi, kopo lisivujishe hewa hata kidogo, la sivyo injini inatetemeka gari likisimama huku inawaka. Mi kila nikijaza petroli nalichungulia, likikaribia nusu namwaga.