Chini ya mretemu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimekaa na 1 Wafalme 19. Kabla yake nabii Eliya alikuwa mlima Karmeli, moto umeshuka kutoka mbinguni, watu wameanguka kifudifudi. Sasa yuko nyikani, hata mtumishi wake amemwacha Beer-sheba, amekaa chini ya mretemu, kimti cha jangwani, anaomba afe. Anasema, yatosha.

Neno hilo nalijua. Mwaka juzi mwezi wa saba, ule wa baridi ya Uyole ya kuingia mpaka kwenye mifupa, nilikaa jikoni kwenye kigoda, mkono mmoja kisu, mwingine kiazi. Nilikaa hivyo mpaka moto ukazimika. Gunia la viazi pembeni lilikuwa limeshaanza kuchipua. Usiku nilikuwa nashtuka saa tisa na usingizi haurudi. Chakula nakiona kama udongo. Nyimbo za kwaya nilizozipenda zikawa kelele tu. Na likanijia wazo kwamba wanangu wangepumzika kama mimi nisingekuwepo.

Wenzetu wa maombi walikuja, na walikuja kwa upendo, nawashukuru mpaka leo. Wakaniambia niongeze imani, nifunge siku tatu. Nikafunga, mtu ambaye tayari nilikuwa sili.

Sasa mtazameni Mungu na Eliya. Hakumuuliza imani yake imeenda wapi. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, na kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili! Hapo ndipo machozi hunitoka. Akamwambia ale, maana safari ni kubwa mno kwake. Mungu mwenyewe anakiri kwamba mzigo umemzidi mtumishi wake. Mazungumzo ya Mungu na Eliya kwenye mlima Horebu yalikuja baadaye, baada ya siku arobaini za kutembea.

Kwangu alikuja mama mmoja wa jumuiya yetu. Alikitoa kile kisu mkononi mwangu taratibu, akamenya viazi, akapika, akakaa mpaka nikala vijiko vitatu. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu tukapanda daladala kwenda hospitali.

Daktari alisema ni sonona, na kwamba ni ugonjwa. Huzuni au kukosa hamu kukidumu wiki mbili na zaidi, usingizi na chakula vikavurugika, mtu asingoje. Alinipa dawa, akanipangia na siku za kuongea na mshauri. Akanionya kwamba dawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu, na nikipata nafuu nisiziache ghafla. Wiki ya pili nilitaka kuzitupa. Mama yule akawa anapita kila jioni: "Dada, umemeza?" Maombi hatukuacha. Mwenye malaria tunamwombea huku anameza dawa mseto, na hakuna anayemwambia amepungukiwa imani.

Kama unasoma haya na wazo la kufa linakuzunguka, mwambie mtu leo hii, usibaki peke yako usiku huu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona inafaa watakupeleka Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya.

Alhamisi jumuiya ni nyumbani kwangu, saa kumi. Kuna dada mwenzetu hajaonekana Jumapili tatu. Nitapita kwake asubuhi na kikapu cha viazi, na kisu changu.