Siku moja na fundi baiskeli wa Buguruni: tobo la usukani

Saa 12:00 asubuhi nilikuwa nimeshatandika gunia langu chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka Barabara ya Mandela. Wanaoanza kuja ni wauza mikate na wachuuzi wanaowahi samaki soko la Feri, na kila mmoja ana haraka. Hadi saa 3:00 nilikuwa nimeziba pancha tano, nimekaza breki mbili na kunyoosha rimu moja. Chai na chapati nilivimaliza nikiwa nimesimama.

Wapita njia wanaona mtu mwenye mafuta mikononi, wanadhani hii ni kazi ya aliyekosa nyingine. Mimi naipenda, na nina kitu kimoja kidogo ninachokitengeneza mwenyewe ambacho natamani kila mwenye baiskeli akijue: kizibo cha ncha ya usukani.

Saa 4:15 akaja bwana mmoja na baiskeli ya mtoto, mtumba wa Japani.

"Fundi, nikazie breki, nawahi."

Breki zilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini vishikio vilikuwa vimeliwa mwishoni na chuma kimetokeza pande zote mbili, kiko wazi kama mdomo wa bomba. Nikamwambia, kaka, hapa tuzibe kwanza, 1,000 kwa pande zote.

"Elfu nzima ya kuziba tobo? Mimi nimeleta breki, sijaleta tobo."

Nikamweleza. Akapiga simu, akaongea wee, akarudi. Nikamweleza tena. Akawageukia vijana wa bodaboda: "Jamani, fundi anatafuta hela ya supu kwangu." Wakacheka. Iliniuma, maana hiyo elfu karibu yote inaishia kwenye vifaa.

Nikachukua kipande cha usukani wa zamani ambacho sijakinoa hata kidogo, nikaweka ndala kuukuu juu ya gogo, nikagonga nyundo mara moja. Duara la ndala likadondoka, limekatika safi.

"Hiyo ni ndala," nikamwambia. "Tumbo la mtoto ni laini zaidi."

"Wangu anajua kuendesha."

Basi nikapandisha fulana. Ubavuni kushoto nina kovu la mviringo, pana kuliko bomba lenyewe kwa sababu limekua pamoja na mimi. Nilikuwa na miaka 9, wala sikuwa na mwendo. Mtoto anapoanguka polepole usukani hupinda, ncha moja hukita chini na nyingine humgeukia tumboni, na huko ndiko kuna ini na wengu. Anaweza kuumia ndani ilhali nje kuna alama ndogo tu. Yule bwana aliliangalia kovu kwa muda, halafu akavuta ndoo akaikalia.

Vizibo naletewa na mhudumu wa hoteli moja, ni vya chupa za mvinyo, vile vya gome la mwaloni linalovunwa zaidi Ureno. Kizibo kikiwa huru kina unene wa milimita 24 hivi. Usukani wa kawaida nje ni milimita 22, na tundu lake huwa 18 hivi, karibu sawa na shingo ya chupa. Kwa hiyo kizibo kinataka kubembelezwa. Nakichemsha dakika chache, nakiviringisha chini ya ubao mpaka kilainike, nakichonga kwa kisu na kumalizia kwa msasa, upande mmoja mwembamba kidogo. Nakisukuma ndani kwa nyundo ya mbao. Juu yake naweka duara la ndala nililolikata kwa bomba la maji lenye mdomo mpana kuliko usukani, ili lifunike ukingo wote wa chuma. Kisha naingiza skrubu katikati, pamoja na washa yake, kile kiduara cha chuma. Skrubu ikiingia, kizibo kinatanuka na kubana bomba kwa ndani. Kichwa cha skrubu nakizamisha kwenye ndala, juu yake nagundisha kiraka cha tyubu kwa solusheni, pasibaki chuma chochote cha kugusa ngozi.

Mwisho nakivuta kwa koleo kwa nguvu zangu zote. Kikitoka, naanza upya. Cha kulia kilitoka, nikaanza upya, na yule bwana safari hii hakunihimiza.

Akalipa 500, akasema nyingine ataleta. Baiskeli ilitoka imezibwa, nami sikubishana naye tena.

Nikala wali maharage kwa mama ntilie. Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Lilikuja guta la maji, ekseli imekatika, na mwenyewe amesimama kichwani kwangu akihesabu madumu ambayo hajayafikisha kwa wateja. Jua lilikuwa limeshazunguka mti na kivuli kimenikimbia. Nati ya ndani ilikuwa imeshika kutu. Niliimwagia mafuta ya taa, nikangoja, nikagonga, spana ikateleza na kunichuna vidole viwili. Adhana ya alasiri ilinikuta nimelala chini ya lile guta, mchanga umenijaa shingoni. Nilipoinuka mgongo ulikataa kunyooka.

Giza lilipoanza kuingia, mama mmoja akapita na baiskeli ya binti yake. "Fundi, nimesikia unaziba hizi ncha." Nikaziba zote mbili kwa mwanga wa simu yake.

Kopo langu limebaki na vizibo vitatu, na kesho nina baiskeli tatu za watoto. Usiku huu nampigia yule mhudumu.