Sekunde chache zilizonifanya nimdhanie dada yangu vibaya

Jana nilizungumza na dada yangu kwa simu ya video, na kwa kuwa sauti ilikuwa ikichelewa kidogo, tulikatizana mara kwa mara kisha tukanyamaza pamoja, hata nikahisi kwamba amenikasirikia. Katika mazungumzo ya ana kwa ana, pengo kati ya msemaji mmoja na mwenzake huwa takriban milisekunde 200, ilhali ubongo huhitaji kama milisekunde 600 kuandaa hata neno moja. Kwa hiyo msikilizaji huanza kutunga jibu mwenzake akiwa bado anasema, huku akibashiri kwa maana na kiimbo mahali sentensi itakapoishia. Kazi hiyo ya ajabu, tusiyoihisi kamwe, ndiyo iliyovurugika jana. Leo nimempigia tena kumwomba radhi.