Mdogo wangu alikiri kosa kwa makubaliano, na rufaa yake ikasikizwa

Nimechoka kusikia watu wakiambiana kwamba ukishatia saini makubaliano ya kukiri kosa, rufaa huna tena. Mdogo wangu alitia saini hapa Mombasa, akafungwa, akakata rufaa na akashinda. Tungefuata ushauri tuliopewa, angekaa ndani miezi mingi zaidi.

Alishtakiwa kumwibia mwajiri wake, kifungu cha 281 cha Kanuni ya Adhabu, na hapo kifungo hufika miaka 7. Dhamana ilitushinda. Alikaa rimandi zaidi ya mwaka, kesi ikitajwa na kuahirishwa. Mwishowe wakili alizungumza na upande wa mashtaka: akiri wizi wa kawaida chini ya kifungu cha 275, ambao mwisho wake ni miaka 3. Akakubali. Pesa alichukua, na mwenyewe hakutaka kusema vingine.

Rasimu ilipokuja niliomba tusomewe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Mmoja ulisema mshtakiwa anaacha haki yake yote ya rufaa. Yote! Nikamwambia, "Samahani wakili, sheria haisemi hivyo." Nilikuwa nimeshaisoma Sura ya 75, yaani sheria ya Kenya ya mwenendo wa kesi za jinai, ile sehemu ya makubaliano iliyoingizwa mwaka 2008 kuanzia kifungu cha 137A. Kifungu cha 137F kinasema anayekubaliana anaacha rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Kile cha 137L kinarudia hayo hayo. Wakili alinuna, lakini alirekebisha. Mwenye mtu anayesubiri kutia saini autafute mstari huo kwanza. (Jirani aliniuliza kuhusu kesi ya ubakaji: makosa ya ngono hayaingii kwenye makubaliano haya, 137N.)

Kortini aliapishwa, hakimu akamweleza anachokiacha na kinachobaki. Mimi nilikuwa nyuma na daftari, naandika kila neno. Adhabu ikatoka: miaka 2. Kuhusu muda wa rimandi, kimya. Gerezani wakaanza kuhesabu siku ile ile ya hukumu, maana waranti haikusema lingine.

Hapo ndipo washauri walipofurika. Mjomba alisema, "Mwanangu, mlishakubali wenyewe, mtamlilia nani?" Siku chache baadaye akageuka kabisa, akaniletea rufaa iliyochapwa na bwana mmoja anayeandikia watu barua nje ya mahakama, kwa elfu kadhaa. Kurasa na kurasa! Eti mashahidi hawakuaminika, na hakukuwa na mashahidi. Eti upelelezi ulikuwa mbovu. Eti mshtakiwa hana hatia kabisa, mtu aliyekiri kwa kiapo mbele ya hakimu! Kila sababu iliyoandikwa mle ilikuwa ndiyo hasa tuliyoiacha kwa saini. Karani aliisoma ukurasa wa kwanza tu, akanirudishia, akasema, "Dada, hii itatupwa." Nilimshukuru kwa dhati, kwa sababu siku 14 za kukata rufaa zilikuwa zinakwenda, na ile ingewasilishwa tungepoteza nafasi yetu kwa upuuzi uliolipiwa.

Nikaandika upya, sababu moja tu. Kifungu cha 333(2) cha Sura hiyo hiyo ya 75 kinamtaka hakimu azingatie muda ambao mfungwa alishakaa kizuizini kabla ya hukumu. Mahakama ya Rufaa ilishaeleza mwaka 2018, katika kesi ya Ahamad Abolfathi Mohammed, kwamba kuzingatia ni kuupunguza kweli kwenye kifungo. Hakimu asipoufanyia hesabu, hilo ni suala la uhalali wa adhabu, na uhalali hatukuuacha. Mjomba alitaka tuongeze kwamba miaka 2 ni mingi. Nilikataa katakata. Ukilalamikia ukubwa wa adhabu, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuiongeza pia, kifungu cha 354. Ya nini kumpa jaji sababu ya kuitazama miaka yenyewe?

Mdogo wangu aliiwasilisha kupitia mkuu wa gereza, sheria inaruhusu kwa aliyefungwa na hailazimu wakili. Niliambatanisha nakala ya makubaliano, hati ya mashtaka yenye tarehe ya kukamatwa, na mwenendo wa kesi uliothibitishwa. Nakala zilinigharimu mia kadhaa hivi, na kusubiri kwingi. Daftari langu lilinisaidia kugundua kwamba ukurasa wenye maelezo ya hakimu juu ya rufaa haukuwemo kwenye nakala ya kwanza. Nilirudi nikaudai, nikapewa.

Upande wa mashtaka ulianza kwa kusema aliacha haki yake. Jaji akasoma mstari wetu uliorekebishwa, kisha 137L, akaendelea. Upande wa mashtaka haukubisha tena. Amri ikatoka kwamba kifungo kihesabiwe tangu siku aliyokamatwa. Ukijumlisha na theluthi wanayosamehewa wafungwa wenye mwenendo mzuri, alikuwa amebakiza kidogo sana.

Amri hiyo nilihakikisha imefika gerezani kwa kuifuatilia mwenyewe, ikiwa na muhuri. Msiiache isafiri peke yake.