Balikosa Nini?

Kosa lilikuwa langu. Siku ile nilikuwa nimechoka, koo linawasha kwa moshi, na badala ya kutafsiri maana nikatafsiri maneno.

Ilikuwa Agosti 2017, mjini Missoula, jimbo la Montana, Marekani. Nilikuwa nasoma shahada ya uzamili ya misitu, na nikipata nafasi nilifanya ukalimani kwa familia za Wakongo zilizoanza kuletwa pale mwaka mmoja nyuma. Familia hii ilikuwa imekaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka karibu ishirini, kwa hiyo mimi binti wa Marangu walinipokea kama mtu wa nyumbani. Kiswahili chao na changu ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Tunaelewana, ila kila mmoja anamcheka mwenzake pembeni.

Missoula iko bondeni, milima imeuzunguka mji pande zote. Radi iliwasha moto kwenye mlima wa Lolo, kusini-magharibi mwa mji, tarehe 15 Julai. Siku tisa baadaye radi nyingine ikawasha Rice Ridge, karibu na Seeley Lake. Moshi wa kotekote ukateremkia kwetu na kukaa kama mvuke chini ya mfuniko wa sufuria. Jua lilichomoza jekundu kama kiini cha yai la kienyeji, ukaweza kulitazama kwa macho makavu. Maafisa wakawa wanapita kwenye nyumba za familia hizo kuwaeleza wafunge madirisha, watoto wasikimbie nje, feni iwekewe chujio.

Mama mwenye nyumba alikuwa anasonga ugali, anamsikiliza afisa kwa sikio moja. Halafu akauliza, "Sasa huo moto nani anauzima?"

Afisa alijibu kirefu: kuna wanaokwenda kwa miguu, kuna helikopta, na kuna kikosi ambacho Wamarekani wamekipa jina ambalo kwa Kiswahili ningeweza kusema ni warukia moshi. Nami nikasema, "Kuna watu wanatupwa kutoka kwenye ndege, wanaangukia motoni."

Mwiko ukasimama.

"Balikosa nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka, na kicheko changu kikanikauka mdomoni. Mtu aliyekimbia askari usiku na mtoto mgongoni hawezi kuliuliza swali hilo kwa utani. Nikaanza upya. Hawakukosa kitu, Mama, wameomba wenyewe hiyo kazi. Wana miavuli. Hawaangukii ndani ya moto, wanatua pembeni yake. Msitu wa huku hauna barabara. Radi ikipiga mti mmoja mgongoni mwa mlima, wa miguu anaweza kutembea siku mbili kuufikia, na wakati huo mti mmoja umeshakuwa mlima mzima. Wa ndege anafika moto ungali na ukubwa wa uwanja wa nyumba. Wanaruka wawili wawili, wanafyeka mkanda kuuzunguka na kukwangua mpaka udongo mtupu, moto ukifika pale unakosa cha kula.

Mumewe alikuwa kwenye kona ya sebule, anapindisha suruali ya mtoto kwa sindano ya mkono. Watu wa pale wote walimwita Papa, na mimi vilevile. Alikuwa fundi cherehani Bukavu, akawa fundi cherehani kambini. Hakuwa amesema neno tangu afisa aingie.

"Hiyo miavuli," akasema bila kuinua macho, "nani anashona?"

Sikujua. Mwanafunzi wa misitu, kituo cha hao warukia moshi kiko pale pale kando ya uwanja wa ndege, nakipita kila nikienda kupokea wageni, na sikujua.

Wiki ile ile nikampakia Papa kwenye gari langu bovu tukaenda. Kituo kina ofisi ya kupokea wageni, na kiangazi huwatembeza watu bure. Njiani nilimsimulia niliyokuwa nayo kichwani kutoka darasani. Kwamba wa kwanza kuurukia moto walikuwa wawili, Rufus Robinson na Earl Cooley, tarehe 12 Julai 1940, katika msitu wa Nez Perce kule Idaho, na kwamba kamba za mwavuli wa Cooley zilijisokota, akaishia juu ya mti. Kwamba mwaka 1945 jeshi la Marekani lilikuwa na batalioni ya miavuli ya watu weusi pekee, ya 555. Walitaka kwenda kupigana Ulaya, wakapelekwa Oregon kuzima misitu, kwa sababu Wajapani walikuwa wanarusha maputo yenye mabomu ili yawashe misitu ya Marekani. Mmoja wao, Malvin Brown, alikufa Agosti mwaka huo, alipoanguka kutoka kwenye mti aliotua.

Papa alikaa kimya mpaka taa ya barabarani ikatuachia. "Alianguka kutoka kwenye mti," akasema. "Ndege haikumuua."

Kituoni tulipokewa na kijana mmoja wa kike mwenye mikono iliyochubuka. Alituonyesha suti: kitambaa cha Kevlar, kile kile cha fulana za kuzuia risasi, kola imepanda mpaka masikioni ili tawi lisimchome mtu shingo, kofia yenye wavu wa chuma mbele ya uso. Kwenye mguu wa suruali kuna mfuko mkubwa, ndani yake kamba ya mita 45 hivi. Hiyo ni ya siku ukining'inia juu ya mti. Papa akanitazama. Nikajua anamfikiria nani.

Tukaingia kwenye mnara. Miavuli ilikuwa imening'inizwa toka juu kabisa, laini, mirefu, kama kanzu za majitu zilizoanikwa. Kila mwavuli ukirudi kutoka motoni hupandishwa pale, ukung'utwe, ukauke, ukaguliwe tundu kwa tundu. Chini sakafuni palikuwa na sindano za misonobari, vijiti na koni moja kavu. Papa akaiokota ile koni, akaitia mfukoni. Halafu meza ndefu za kukunjia, na kadi ambayo mkunjaji huandika jina lake. Anayeruka anajua ni mkono wa nani uliomkunjia.

Hapo yule dada akasimulia habari ambayo nadhani hakuna anayetoka kituoni bila kuisikia. Mann Gulch, tarehe 5 Agosti 1949, hapa hapa Montana. Moto uliwageukia warukaji bondeni, majani makavu, mlima mkali. Kiongozi wao, Wagner Dodge, alipoona hawawezi kuukimbia, akasimama, akawasha kiberiti, akachoma majani yaliyokuwa mbele yake na kuingia kulala kwenye majivu. Aliwaita wenzake waingie. Wakapita mbio. Walikufa 13. Waliookoka pamoja na Dodge ni wawili tu, waliopenya kwenye ufa wa mwamba juu ya mlima.

Nilitafsiri polepole, safari hii kwa uangalifu. Papa akashangaa, lakini si pale nilipotarajia.

"Hawakujua? Kwa babu yangu, kule Fizi, Kongo, hata mtoto anajua. Moto wa majani ukija, unachoma mbele yako, unasimama kwenye majivu."

Sikulitafsiri hilo. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Ninachojua ni kwamba darasani tulilijadili tukio lile saa mbili nzima, na hakuna aliyetuambia kuwa kuna mahali ambapo jambo hilo ni elimu ya watoto wanaochunga mbuzi.

Mlango uliofuata ulikuwa wa chumba cha cherehani.

Mimi nilitegemea kuwakuta mafundi wa kuajiriwa, labda akina mama watu wazima. Tulikuta warukaji wenyewe. Wanaume wenye mikono kama magogo, wameinama juu ya cherehani, miwani imeshuka puani, wanashona mikanda, mabegi na suti zao. Vifaa vyao vingi huwezi kuvinunua dukani, kwa hiyo wanajishonea, na asiyejua kushona anafundishwa. Mmoja, mwenye ndevu za rangi ya kutu, alikuwa anaunganisha ukanda wa begi la kubebea mizigo. Wakimaliza kuzima, yule dada alieleza, mara nyingi hakuna ndege ya kuwarudisha. Wanabeba kila kitu mgongoni mpaka wakute barabara, na mazoezini mtu lazima atembee na kilo 50 karibu kilomita 5 kwa dakika 90. Kaka zangu ni wapagazi wa Kilimanjaro. Mzigo wa mgeni kule mwisho ni kilo 20, na bado mtu anashuka na magoti ya mzee.

Papa hakuwa anasikiliza kilo. Alikuwa ameshasogea nyuma ya yule wa ndevu. Akatoa miwani yake, ile iliyofungwa uzi upande mmoja. Akanyoosha mkono kuomba ukanda, kwa ile ishara ya mafundi wanayoelewana dunia nzima, naye yule bwana akampa. Papa akaupindua papo hapo. Mbele hakupatazama hata kidogo.

"Mbele ni ya mteja," akaniambia. "Fundi anaangalia nyuma."

Akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye mshono, taratibu, kama mtu anayesoma. Karibu na kona akasimama. Akarudi nyuma kidogo. Akasimama tena palepale.

"Mwambie uzi wa chini umelegea. Bobini. Hapa."

Nilisita. Huyu mtu anaruka kutoka kwenye ndege nzima isiyo na kasoro, na mimi nimwambie mshono wake mbaya? Nikasema kwa sauti ndogo. Yule bwana akachukua ukanda, akausogeza kwenye taa, akauvuta. Hakusema kitu. Akachukua kifumulio, akaufumua mstari wote, kuanzia mwanzo, si ile kona peke yake. Akafungua chini ya cherehani na kuikaza bobini. Kisha akageuka.

"Muulize ameshona miaka mingapi."

"Thelathini na minane."

Akainuka kwenye kiti, akampisha.

Papa alikaa, akaweka kipande cha kitambaa cha majaribio chini ya mguu wa cherehani, na miguu yake ikaanza kutafuta mahali pa kukanyaga. Miaka yote hiyo alikuwa na cherehani za kukanyaga kwa miguu miwili. Hii ilikuwa ya umeme. Alipoigusa tu, ikafyatuka kama pikipiki, kitambaa kikaruka, chumba kizima kikacheka, naye akacheka zaidi ya wote. Mara ya pili aliigusa kwa kidole cha mguu tu. Ikaenda. Mstari, kona, mstari, kona, anarudisha sindano nyuma na kusonga mbele kufunga uzi. Wale wanaume wakaacha kazi zao wakamzunguka.

"Niulizie," akasema bila kuinua kichwa, "wanaajiri fundi?"

Nikauliza. Yule wa ndevu akakuna kichwa. Akasema wanaoshona pale ni wanaoruka. Angelazimika kuruka kwanza. Papa akayatazama magoti yake, akayapigapiga kama mtu anayemfariji ndugu.

Kingora kikalia.

Sijawahi kuona chumba kikiwa kitupu haraka vile. Hakuna aliyepiga kelele. Kiti kimoja kikabaki kinazunguka. Tuliwaona kwenye chumba cha pili wakijipachika suti, kila mmoja anafungwa na mwenzake, mikono inapita kwenye vifungo bila macho kufuata. Dakika mbili, tatu. Yule wa ndevu sikumtambua tena, alikuwa kofia na wavu kama wenzake. Wakatoka wakitembea kama watoto waliovalishwa masweta matano.

Yule dada akatupeleka kwenye uzio. Ndege ilikuwa pana, imetuna tumboni kama behewa lililoota mabawa. Papa akawahesabu wakipanda.

"Kumi. Na yule wa cherehani?"

"Yumo, Papa."

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, na kabla hata haijapinda moshi ukaimeza. Tukabaki na mlio. Kisha mlio nao ukaisha.

Tuliporudi ndani kuchukua koti lake, taa ya ile cherehani ilikuwa bado inawaka. Papa akainua mguu wa cherehani, akatoa kitambaa chake, akakata uzi kwa meno. Akamwangalia yule dada kuomba ruhusa. Dada akamwambia achukue.

Nyumbani Mama alikuwa anatusubiri mlangoni, kitambaa kilicholowa maji kimefungwa puani kwa ajili ya moshi.

"Eeh," akasema. "Balikosa nini?"

Papa akatoa kwanza ile koni mfukoni, akampa mtoto. Kisha akampa mkewe kile kipande. Mama akakipindua, akapitisha kidole gumba nyuma ya mshono mpaka kona ya mwisho.

"Na balikulipa ngapi?"