Chango cha Sita

Jumapili, saa 12 asubuhi. Nimekaa kwenye benchi la mninga ndani ya chumba cha kufulia, chai ya tangawizi mkononi, miguu peku juu ya vigae vikavu. Dirisha liko wazi na upepo wa kusi unaingia taratibu. Februari chumba hiki hakikuwa na dirisha wala benchi, na hakuna mtu aliyekaa humu kwa kupenda.

Tulikuwa tukikiita stoo. Mashine ya kufulia ilikuwa humu, pamoja na pampu ya maji, mtungi wa gesi wa akiba, mabeseni, jenereta bovu, na magunia mawili ya nguo zilizowabana watoto. Katikati kulikuwa na kijinjia cha kupita mtu mmoja, tena kwa ubavu.

Kilicholeta mabadiliko ni jakuzi. Mama anaumwa magoti, mwaka wa sita sasa. Daktari alimwambia maji ya uvuguvugu yatamlegeza viungo, mradi apime presha kwanza, asikae zaidi ya dakika 15, na maji yasizidi nyuzi 38. Familia moja ya Masaki ilikuwa inahama nchi na inauza vitu vyake, na jakuzi likiwemo, la watu wanne, lita 1,000. Tulilileta Mbezi Beach kwa kirikuu, vijana sita wakalishusha, tukaliweka chini ya banda nyuma ya nyumba. Njia ya kulifikia ni moja tu: unatoka jikoni, unapita stoo, unafungua mlango wa nyuma.

Usiku ule ule nilichukua daftari nikachora. Nilitaka chumba cha kupita, kama vile vya kwenye hoteli za Unguja: taulo zimekunjwa, taa hafifu, harufu ya mchaichai. Mashine niliificha nyuma ya pazia. Binti tunayeishi naye, ambaye watoto wanamwita dada na sisi tukafuata, aliinama akautazama mchoro kwa muda.

“Anti, mimi nitapigia pasi wapi?”

Nikamwambia tutaona.

Ukuta ndio ulionifundisha adabu kwanza. Upande wa nje wa chumba lipu ilikuwa imevimba hadi usawa wa goti, na juu yake kulikuwa na unga mweupe. Nikadhani ni uchafu wa miaka. Fundi rangi akapitisha brashi ya waya, akapaka rangi ya mafuta mikono miwili, na kwa wiki tatu ukuta uling'aa mpaka nikapiga picha nikawatumia ndugu. Kisha masika ikaingia. Mwisho wa Aprili rangi ilikuwa imejaa malengelenge. Nilibonyeza moja kwa kidole likapasuka, tone la maji likateremka hadi kwenye kifundo cha mkono. Nikalionja. Lilikuwa la chumvi kabisa.

Fundi niliyemwita baadaye, mzee mmoja mpole, hakugusa ukuta. Alitoka nje akatazama chini. Udongo wa nje ulikuwa umepanda juu kuliko sakafu ya ndani, na bomba la maji ya mvua kutoka kwenye paa lilikuwa linamwaga pale pale kwenye mguu wa ukuta. Akanieleza kwamba tofali hunyonya maji kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji yanapanda na chumvi ya ardhini, na chumvi ya mchanga wa lipu kama mchanga wenyewe ulichotwa pwani bila kuoshwa. Yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki na kusukuma lipu mpaka ibanduke. Mimi nilikuwa nimeyazibia njia kwa rangi ya mafuta, ndiyo maana yakatafuta pa kupasulia.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni akisikiliza. “Mwanangu, ukuta unataka kupumua,” akasema. “Kwetu tulipaka chokaa.”

Kwao ni Bagamoyo. Nyumba za mawe za kule zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo kwenye tanuu la magogo, kisha kuyazimua kwa maji. Dari lilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake, vyumba vya nyumba zile ni vyembamba, mita mbili na nusu hivi, hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri. Stoo yetu ina upana wa mita 2.6. Mama alinyoosha mikono yake miwili katikati ya kifusi, akageuka huku na huku, akasema hiki ni chumba cha kwao kabisa. Tangu siku hiyo niliacha kukiona kidogo.

Tuliichimba lipu yote hadi mita 1.2 kutoka chini. Nje tukashusha udongo, tukajaza kokoto, tukalihamisha bomba la mvua. Halafu tukangoja. Juni nzima na nusu ya Julai tofali zilikaa uchi, katika ule ukavu wa kipupwe, na kila aliyepita aliuliza kama pesa zimeniishia. Naomba mwenye ukuta kama wangu anisikilize hapa: kungoja ndiyo kazi yenyewe. Lipu mpya ilipigwa kwa mchanga wa mto na saruji kidogo iliyochanganywa na chokaa, kisha juu tukapaka chokaa tupu, mikono minne myembamba. Unyevu haujaisha wote, na sidhani utaisha, ila sasa unatoka bila kubomoa kitu. Ukiegemea upande huo unaondoka na unga begani, kwa hiyo benchi nikaliweka upande wa pili.

Katikati ya kungoja huko ndipo dada aliposafiri kwenda Korogwe kwenye msiba wa babu yake. Alikaa kule siku tisa. Nguo zikawa zangu.

Siku ya pili nilifua. Siku ya tatu nikapiga pasi: sare za shule za watoto wawili, mashati ya mume wangu, mashuka. Mlango wa jikoni niliufunga kwa sababu ya vumbi la lipu, wa nyuma niliufunga kwa sababu mafundi walikuwa wanakata chuma. Nilisimama kwa saa mbili nzima. Jasho lilidondoka juu ya kola ya shati jeupe nikalipiga pasi juu yake. Kwenye rafu iliyokuwa usawa wa uso wangu kulikuwa na ndoo ya klorini ya jakuzi, mfuniko haujakaza, na pembeni yake chupa ya tindikali ya kusafishia choo. Koo likaanza kuwasha. Nikakumbuka kwamba dada alikuwa akikohoa tangu jakuzi lije, na mimi nilimnunulia dawa ya mafua.

Vitu vile viwili vikikutana hutoa gesi ya sumu, inayoua mtu kwenye chumba kilichofungwa. Niliviweka mimi, kwa mikono yangu, kwenye chumba anachofanyia kazi mtu mwingine saa tano kwa siku. Jioni ile nilichana mchoro wa hoteli ya Unguja.

Sasa klorini iko nje, kwenye kabati lenye kufuli na matundu, chini ya banda. Tindikali haiingii tena nyumbani. Ukuta wa kusini tuliutoboa dirisha la mita 1.2 kwa 1, na juu ya mlango wa kinyume chake tukajenga tofali za matundu ili joto lipandalo lipate pa kutokea. Meza ya pasi iko chini ya dirisha. Fundi seremala alitaka kuitengeneza sentimita 90 kwa sababu ndicho kipimo alichozoea. Nikamwomba amngoje dada arudi. Aliporudi tulimsimamisha, mkono ukakunjwa, tukapima kutoka kiwiko hadi chini, na meza ikawa ya 84. Mimi nikiitumia mgongo unaniuma kidogo. Ni sawa, kwa sababu anayeitumia kila siku ni yeye.

Umeme nitaupita haraka, ila sikubishana bei. Jakuzi lina njia yake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, waya wa athi umechimbiwa upya, na kuna kifaa kinachokata umeme wote ukivuja milliampia 30. Kupasha lita 1,000 kutoka nyuzi 28 hadi 38 kunakula kama uniti 12 za LUKU, ndiyo maana tunawasha mara mbili kwa wiki na mfuniko haubanduki mpaka mama awe tayari kuingia.

Sakafu nayo ilitupa kazi. Vigae tulichukua vile vyenye uso wa kukwaruza, kwa ajili ya miguu iliyolowa ya mtu mwenye magoti mabovu. Fundi aliviweka kwa siku mbili, vikanyooka, grauti safi. Mwanangu wa mwisho akaingia na gololi yake akaiachia katikati. Ilitakiwa iende kwenye tundu la kutolea maji karibu na mlango wa nyuma. Iligeuka polepole, ikajikusanya mwendo, ikaenda moja kwa moja hadi kizingiti cha jikoni. Mtoto akacheka, fundi akachukua pima maji. Akaniambia, “Mama, ni kidogo tu, maji yatakauka yenyewe.” Nikamwaga kata moja ya maji pale pale. Yalifuata njia ya gololi.

Tulivunja vigae 11. Niliumia, kwa pesa na kwa yule fundi pia, maana alikuwa mtu mwenye bidii na aibu ilimkaa usoni. Lakini mama hawezi kukanyaga dimbwi kila anapotoka majini. Sasa sakafu inashuka sentimita mbili kwa kila mita, jicho halioni, gololi inaona.

Baada ya hapo ndipo nilipojiruhusu urembo. Nilitaka zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kama zile za kuta za ndani za nyumba za pwani, ambamo watu waliweka vyombo vya kaure na misahafu. Ukuta wa tofali za inchi 6 hauchimbiki kidaka cha maana, kwa hiyo tulijenga ukuta mwembamba mbele ya ule wenye mabomba, na ndani yake tukaacha vidaka vitatu vyenye tao juu. Mabomba yakajificha, isipokuwa kwenye koki, ambako tuliacha kijimlango. Kidaka cha kwanza kina taulo. Cha pili kina chupa ya mama ya mafuta ya nazi, na kikombe cha asmini siku ambazo asmini imechanua. Cha tatu nilikiacha wazi wiki mbili nikitafuta cha kuweka, mpaka asubuhi moja nikakuta dada ameweka redio yake, antena imetokeza nje ya tao. Inafaa pale kuliko chochote nilichokuwa nafikiria kununua.

Chini ya meza kuna pazia la khanga. Mkeka wa ukili ambao shangazi alileta kutoka Bagamoyo nimeutundika upande mkavu, kwa sababu ukili ukilala chini kwenye unyevu unaota ukungu. Kutoka mlango wa jikoni hadi mlango wa nyuma kuna mshikio wa mbao usawa wa kiuno, na mama anaupapasa akipita kama anavyopapasa vichwa vya wajukuu. Benchi hili nililokalia lina sentimita 48, juu kidogo kuliko mabenchi mengi, ili aweze kukaa na kunyanyuka bila kuvutwa. Akitoka majini anakaa hapa kwanza dakika chache, maana maji ya moto hushusha presha na kizunguzungu huja mtu anaposimama ghafla.

Na vyango vya kutundikia taulo. Nilivitengenezesha Keko, mninga uliochongwa kwa mashine, unene wa dole gumba, ncha imeinuka kidogo. Vitano: cha mama, cha mume wangu, changu, viwili vya watoto. Nilivipanga kwa kimo cha kila mmoja.

Jumamosi ya wiki iliyopita mama alikuwa kwenye jakuzi, na dada akampelekea taulo. Mimi nilikuwa kwenye meza ya pasi, dirisha wazi, nikawasikia.

“Ingia na wewe.”

“Bibi, nina nguo za kuanika.”

“Nguo hazikimbii. Ingia, mjukuu wangu.”

Kukawa kimya, kisha nikasikia maji yakipanda. Aliingia na khanga yake. Alikuwa amefua taulo za jakuzi lile miezi yote hii, amelisugua kingo, amepima klorini kwa vile vikaratasi vinavyobadilika rangi, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia aingie. Hata mimi, niliyempimia meza kwa kiwiko. Nilisimama na pasi mkononi nikisikiliza mama akimwuliza habari za mvua za Korogwe, mahindi yamefika wapi, mama yake anaendeleaje na mguu. Sikujua kwamba mama yake anaumwa mguu.

Walipotoka mama alikaa kwenye benchi. Dada alijifuta, akashika taulo lake la bluu, akatazama ukutani. Vyango vyote vitano vilikuwa na taulo. Akalikunja mara nne, akaliweka juu ya mfuniko wa ndoo, akatoka kwenda kuanika.

Jumatatu nilikwenda Keko. Fundi alisema kuwasha mashine kwa chango kimoja hakulipi, nikalipia viwili nikachukua kimoja alichomaliza. Ninacho hapa kwenye benchi, bado kinanukia mbao. Nimeshaweka alama ya penseli ukutani, kati ya cha mama na changu, sentimita kumi chini ya changu, anapofika bila kunyanyua kisigino. Drili imejaa chaji. Nangoja tu waamke.